Mwenye Shamba, Herufi Saba



Mpendwa kijana mwenzangu, tafakari ya leo ilianza kama mchezo. Naomba uvumilie mwanzo wake, maana mwisho wake ulinikosesha usingizi.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Migato, mkoani kwetu Simiyu. Ulikuwa ule wakati ambao pamba imeshavunwa na kila nyumba ina marobota yanayosubiri kupimwa. Paroko aliniomba niongee na vijana wa VIWAWA siku ya Jumamosi, mada "Mkristo na mali". Sasa mimi nawajua vijana wenzangu. Ukiingia na semina ya saa nzima, dakika ya kumi wa nyuma wameshainamia simu. Nikaamua nitengeneze chemshabongo, ile ya miraba ambayo unasoma dokezo halafu unajaza neno, mengine kwenda kulia, mengine kwenda chini. Mchezo huu si wa zamani sana. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, ndiye aliyeuchapisha katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na baadaye ukaenea duniani hadi kwenye magazeti yetu.

Kanuni yake unaijua. Dokezo moja linaweza kuwa na majibu mengi. Kinachoamua ni mambo mawili: idadi ya miraba, na herufi za maneno mengine yanayokatiza hapo.

Basi nikaandika madokezo yangu, yote ya umiliki. "Vitu vyote mtu alivyo navyo, herufi nne." Jibu: MALI. "Karatasi inayothibitisha umiliki, herufi nne." Jibu: HATI. "Kitu alichoweka mkopaji ili aaminiwe, herufi sita." REHANI. Na katikati kabisa, kwenda kulia, nikaweka dokezo kuu: "Mwenye shamba, herufi saba." Jibu langu: MMILIKI. Neno MALI lilishuka kutoka kwenye herufi yake ya kwanza, na neno HATI liliishia kwenye herufi yake ya tano. Nikajiona fundi.

Ijumaa jioni nikataka kulijaribu kwanza. Dada yangu mkubwa alikuwa nje anapembua dengu, taa ya sola iko pembeni. Nikampa karatasi na kalamu. Dada alimaliza darasa la saba, lakini kichwa chake kinawaka kuliko changu, hilo nyumbani wote tunalijua. Akajaza moja moja huku akiendelea na ungo wake. Aliporudisha nikaanza kusahihisha. MALI, vema. HATI, vema. Nilipofika katikati nikakuta ameandika MKULIMA.

Nikacheka. "Hapa umekosea, Dada. Jibu ni MMILIKI."

"Nimekosea nini, Frateri? Herufi si zinaenea?"

Nikahesabu. M-K-U-L-I-M-A. Saba. Herufi ya kwanza M, inakubaliana na MALI. Herufi ya tano I, inakubaliana na HATI. Hata ya nne, maneno yote mawili yana L. Yaani fumbo langu mwenyewe lilikuwa na majibu mawili, na hakuna kitu ndani ya karatasi kilichoweza kusema lipi ni sahihi. Si mali, si hati.

"Zinaenea," nikasema.

"Haya," akasema, akaendelea kupembua.

Karatasi nyingine

Kijana mwenzangu, sasa nikuambie kwa nini sikulala.

Baba yetu alifariki miaka minne iliyopita. Aliacha ekari nne, mpaka wake upande mmoja ni minyaa na upande mwingine ni mkonge. Dada alikuwa ameolewa, ndoa yake ikapata matatizo, akarudi nyumbani na watoto wawili. Ndiye aliyemuuguza Baba. Ndiye anayemtunza Mama, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kushika jembe. Misimu yote minne ni yeye aliyelima: pamba, mtama, dengu, viazi vya kukausha michembe. Hata ada na nauli yangu ya kurudi seminarini, ukifuatilia ilikotoka, imetoka kwenye mgongo wake.

Ukoo ulikaa kikao. Mimi ndiye mtoto wa kiume peke yangu, kwa hiyo ikaamuliwa shamba liandikwe jina langu, na maombi ya hati ya kimila yapelekwe kijijini. Baba Mkubwa akanikabidhi fomu nitie sahihi. Sikusaini, lakini pia sikukataa. Niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha sala. Mwaka mzima. Kila siku nafungua kile kitabu kusali, nakutana na ile karatasi, naipita kwenda kwenye zaburi.

Sijui kama Dada aliandika MKULIMA kwa makusudi. Sijamuuliza hadi leo. Lakini nililala nikiwa na swali moja: kama yeye amekosea, amekosea wapi?

Majibu yote mawili yana kasoro

Nilisoma falsafa miaka mitatu, kwa hiyo usiku ule niliwaita walimu wangu wote.

Wa kwanza alikuwa John Locke, Mwingereza wa karne ya 17. Yeye angekuwa upande wa Dada. Hoja yake kwa ufupi: kila mtu ni mwenye mwili wake na kazi ya mikono yake. Anapochanganya kazi hiyo na kitu cha asili kisicho cha mtu, anakifanya kuwa chake. Ukisikia mara ya kwanza, hasa ukiwa umekulia kwenye pamba, unasema amina.

Lakini tulia kidogo. Msimu uliopita Dada aliajiri vibarua wawili wa palizi. Nao wamechanganya jasho lao na udongo ule. Je, nao ni wenye shamba? Na Mama ambaye miaka mitatu hajashika jembe, je, shamba limeshamtoka? Jirani akikodi ekari moja kwa msimu mmoja, anaondoka nayo? Tukisema mwenye shamba ni mkulima na basi, tumemfukuza mgonjwa, mzee na mlemavu. Kwa hiyo MKULIMA peke yake haitoshi.

Haya, MMILIKI je? Mtu mwenye jina kwenye karatasi. Hili nalo lina faida kubwa, tusilidharau. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anatoa sababu tatu kwa nini ni halali mtu kuwa na mali yake. Kwanza, watu hutunza zaidi kitu kilicho chao kuliko kile cha wote. Pili, kazi zinakuwa na utaratibu kila mmoja akijua sehemu yake. Tatu, kunakuwa na amani, maana kisichogawanywa huzaa ugomvi. Papa Leo XIII naye, mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum, alitetea haki ya mfanyakazi kuwa na mali yake mwenyewe.

Lakini Thoma haishii hapo. Anatofautisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Moja ni uwezo wa kupata na kusimamia kitu. Hapo mtu anaweza kusema "hiki ni changu". La pili ni matumizi yake. Hapo, anasema Thoma, mtu asikishike kama chake peke yake bali kama cha wote, awe tayari kumgawia mwenye shida. Yaani swali "ni cha nani?" ni maswali mawili yaliyovaa shati moja: nani anasimamia, na ni kwa faida ya nani? Papa Yohane Paulo II alilisema jambo hilo kwa lugha ya benki katika waraka wake wa mwaka 1987, kwamba mali binafsi imebeba rehani ya kijamii. Hakuna mali isiyo na deni kwa wengine.

Hata lugha yetu ina namna yake ya kusema. Hatusemi kila siku "ninamiliki shamba", tunasema "nina shamba", yaani mimi niko na shamba, tuko pamoja. Sarufi si hoja, najua, mwalimu wangu wa mantiki angenikata alama. Lakini usiku ule lilinigusa. Nani amekuwa *na* shamba lile miaka minne hii? Mimi nimekuwa na fomu tu.

Sheria inasemaje?

Asubuhi nilikwenda kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Naandika kifupi, maana vijana wengi hatuyajui haya na yanatuhusu.

Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sisi tuna haki ya kuikalia na kuitumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatambua mila zetu, lakini kwa sharti: mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi haina nguvu kisheria. Baraza lenyewe lina watu saba, na watatu kati yao ni wanawake.

Ila mirathi ina historia nyingine. Kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 ziliweka madaraja ya warithi, na binti akawekwa daraja la tatu, la mwisho. Suala hili si hadithi. Wajane wawili wa huku kwetu Usukumani, walionyimwa mirathi ya waume zao kwa jina la mila, walifikisha malalamiko yao hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zilivunjwa.

Kwa hiyo nilichokuwa nimekikunja kwenye kitabu changu cha sala hakikuwa "taratibu za ukoo" tu. Kilikuwa jambo ambalo watu wamelilia hadi nje ya nchi.

Kwa Baba Mkubwa

Jumamosi jioni, baada ya semina, nilikwenda kwake. Nikamwamkia, tukaongea habari za mvua na bei ya pamba, halafu nikamwambia kwamba naona jina la Dada liwemo kwenye ile hati.

Baba Mkubwa si mtu mbaya, na wala si mjinga. Ni katekista mstaafu. Akanijibu kwa Biblia: "Mwanangu, umemsahau Nabothi? Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu, Nabothi akakataa kutoa urithi wa baba zake. Dada yako kesho akiolewa tena, shamba linakwenda ukoo mwingine. Mimi ninafanya kama Nabothi."

Nikanyamaza. Ni hoja nzuri ile. Nilipotaka kujibu, akaongeza la pili, kwa sauti ya chini: "Na wewe je? Seminari ni safari ndefu. Ukishindwa utarudi wapi?"

Kijana mwenzangu, hapo ndipo aliponipata. Maana ndiyo sababu ya kweli ile fomu ilikaa mwaka mzima. Haikuwa heshima kwa ukoo. Nilikuwa najiwekea akiba. Mdomoni nasema "Bwana, nimeacha yote," mfukoni nimebaki na ekari nne, zinazolimwa na mtu mwingine, za kunipokea nikianguka. Padre wa jimbo haweki nadhiri ya ufukara kama mtawa, kwa hiyo kuwa na shamba si dhambi. Lakini kushikilia shamba la dada yako kama bima ya wito wako, hilo nalo tuliite nini?

Nikarudi nyumbani na Biblia. Nikasoma tena Wafalme wa Kwanza, sura ya 21. Nikaona kitu nilichokuwa nimekipita. Nabothi alichukuliwa shamba lake kwa karatasi. Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akatia muhuri, wakapatikana mashahidi, ikawa kesi yenye taratibu zote. Hati ilikuwa safi, na damu ilimwagika. Kwa hiyo, Baba Mkubwa, Nabothi katika habari yetu ni yule aliye shambani, anayetakiwa apishe kwa sababu mwenye nguvu ana muhuri.

Halafu nikafungua Hesabu, sura ya 27. Mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume. Wakasimama mbele ya Musa na wakuu wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee wakati wao wapo. Musa hakujibu kwa mila. Alipeleka shauri kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti wale wana haki, wapewe urithi.

Hapa wengi huishia. Lakini ukisoma hadi sura ya 36, utawakuta wazee wa ukoo wanakuja na hofu ileile ya Baba Mkubwa: wakiolewa kabila jingine, ardhi itahama. Na Biblia haikuwadharau. Ilitafuta njia ya kulinda ardhi ya kabila. Ila angalia mpangilio: kwanza haki ya mabinti, *kisha* utaratibu wa kulinda ukoo. Hofu ya wazee haikuruhusiwa kufuta urithi wa mabinti. Kwa lugha ya leo: kama tunaogopa shamba lisiuzwe kiholela, tuandike makubaliano hayo, lakini tusimwondoe aliyelima.

Na juu ya yote hayo kuna Mambo ya Walawi, sura ya 25, ambapo Mungu anawaambia Waisraeli kwamba ardhi haiuzwi moja kwa moja kwa sababu ni yake yeye, nao ni wageni na wapangaji tu kwake. MPANGAJI. Nilihesabu, ina herufi nane. Haiingii kwenye miraba yangu.

Mahali tulipofika

Ningependa kukuambia kwamba kila kitu kimekwisha vizuri. Bado. Nilimrudishia Baba Mkubwa ile fomu bila sahihi, kwa mikono miwili, nikamwomba ukoo ukae tena, Dada na Mama wakiwepo na wakisema. Hakufurahi. Alisema atafikiri. Lakini wiki iliyofuata alimuuliza Dada, kwa mara ya kwanza, kama mpaka wa mkonge bado uko pale Baba alipouacha. Dada akamwonyesha, kwa sababu ndiye anayejua.

Nilipomwambia Dada kwamba sitasaini, hakunishukuru. Aliniuliza, "Mwaka mzima ulikuwa unangoja nini?" Sikuwa na jibu zuri. Nikamwomba msamaha.

Na semina? Niliwapa vijana chemshabongo bila kubadilisha kitu. Karibu wote waliandika MMILIKI. Watatu waliandika MKULIMA, wote wasichana. Mabishano yaliyofuata hayakuhitaji semina yangu.

Mpendwa kijana, labda nyumbani kwenu hakuna shamba. Labda ni chumba, pikipiki, kiwanja cha marehemu babu, simu iliyonunuliwa na mmoja na kutumiwa na wote. Mara nyingi tunasoma dokezo tukiwa na jibu tayari, na jibu hilo kwa bahati huwa linatufaa sisi. Kabla hujajaza kwa wino, tafuta maneno mengine yanayokatiza hapo: jasho la nani liko humu? Sheria inamlinda nani? Nani ataumia? Na Mungu, mwenye vyote, anasemaje?

Maswali ya kutafakari wiki hii:

1. Je, kuna kitu ninachokiita changu ambacho kinatunzwa na jasho la mtu asiyetajwa?
2. Je, kuna karatasi, ujumbe au uamuzi ambao nimeuficha ndani ya "kitabu cha sala", nikingoja ujitatue wenyewe?
3. Katika familia yetu, ni nani ambaye hajawahi kuulizwa maoni yake kwenye kikao?

*Tusali.* Ee Bwana, dunia ni yako na sisi ni wageni wako. Utujalie kushika mali kwa mkono uliofunguka. Uwakumbuke mama na dada zetu wanaolima wasipoandikwa. Utupe ujasiri wa kusema ukweli mbele ya wazee wetu bila kuwavunjia heshima, na unyenyekevu wa kuomba msamaha tulipochelewa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tuombeane. Na mkiwa na nafasi, naomba Salamu Maria moja kwa ajili ya kikao chetu cha ukoo.